Kikinza Kidogo, Mita Sambamba: Juu ya Istilahi za Kupimia Mkondo wa Umeme

Mwanzoni mwa mwaka huu tuliletewa barua na mwalimu wa fizikia aliyeko Mugeta, wilaya ya Bunda, mkoani Mara. Klabu ya sayansi ya wanafunzi wake ilikuwa imepata paneli ya jua ya wati 50, betri ya volti 12 na taa tatu, nao wakataka kujua mchana paneli inaingiza umeme kiasi gani katika betri na usiku taa zinautoa kiasi gani. Ni swali jema, na jibu lake lina faida: asiyejua kiasi kinachoingia na kinachotoka huitumia betri mpaka ikafa kabla ya wakati wake, na betri mpya si kitu cha kununuliwa kila mwaka.

Wanafunzi wale walikuwa na kijikaratasi cha maelekezo kilichofasiriwa kwa Kiswahili. Kilikotoka hatuna haja ya kukutaja. Sentensi iliyotawala kazi yao ilikuwa hii: “Chukua kikinza kidogo, kisha uunganishe mita sambamba na waya wa betri ili upime umeme.” Kundi la kwanza walitafuta kikinza kidogo, wakapata kimoja chembamba kama punje ya mpunga, chenye ukinzani wa omu 1. Walipokiweka katika njia ya paneli kikatoa moshi. Kundi la pili waliiweka mita katika kipimo cha ampea 10, wakaiunganisha sambamba na betri kama walivyosoma, na fyuzi ya mita ikakatika kwa cheche. Mwalimu aliuliza mambo mawili: anunue vifaa gani, na aviite majina gani mbele ya wanafunzi. Tulipoanza kumjibu tuliona kwamba maswali hayo mawili hayatenganiki. Sentensi ile moja ina maneno matatu yaliyowapoteza watoto wale, yaani “kidogo”, “sambamba” na “umeme”, na yote matatu ni maneno ya Kiswahili safi ambayo hakuna mhariri ambaye angeyakata.

Tuanze na la mwisho, maana ndilo jepesi. Kabla ya waya na taa, umeme ulikuwa jina la ule mmweko wa mawinguni wakati wa mvua. Jina hilo likahamia katika nishati iliyokuja na mitambo, na likakaa vizuri. Ndugu zetu wa Kenya wana “stima” yao, nayo haina neno. Lakini umeme ni jina la jambo zima, na jambo zima halipimwi. Kinachopimwa ni mojawapo ya sehemu zake: volti, ambayo ni msukumo, mkondo, ambao ni kiasi kinachopita mahali fulani katika sekunde moja, nao hupimwa kwa ampea, au nguvu, ambayo ni zao la hizo mbili, nayo hupimwa kwa wati. Fundi akisema “pima umeme hapo” mwenziwe humwelewa kwa kuwa wote wawili wanaona alikoshika bisibisi. Karatasi haina bisibisi. Mfasiri anayeandika “pima umeme” amemwachia msomaji achague mwenyewe kati ya vipimo vitatu ambavyo mita huunganishwa kwa namna tofauti katika kila kimoja.

Neno “mkondo” lenyewe tunalitetea. Wavuvi wa pwani na wa ziwa wamelijua tangu zamani kuwa ni mwendo wa maji yenye kwenda upande mmoja kwa nguvu, na maana hiyo ndiyo hasa inayotakiwa hapa. Mwalimu wetu analalamika kwamba wanafunzi hucheka, kwa sababu shuleni kwao mkondo ni A na B, yaani mgawanyo wa darasa. Wacheke tu. Neno lenye kazi mbili si neno bovu, mradi kazi hizo hazikutani katika sentensi moja. Tunachoshauri ni kwamba mara ya kwanza katika kila maandishi iandikwe “mkondo wa umeme”, na baadaye “mkondo” peke yake.

Sasa “sambamba”. Katika fizikia neno hili limewekewa maana maalumu: vitu viwili vimeunganishwa sambamba iwapo ncha zao za mwanzo zimekutana pamoja na ncha zao za mwisho zimekutana pamoja, hata mkondo ukifika hapo ukagawanyika. Kinyume chake ni mfululizo, ambapo kitu kimoja hufuata kingine katika njia moja na mkondo ule ule hupita vyote. Lakini katika maandishi ya ofisini, ambayo sisi watumishi wa serikali tunayaandika kila siku, “sambamba na” ina maana ya “pamoja na”. Mpango huu uende sambamba na ule. Ziara ilifanyika sambamba na mkutano. Mfasiri wa kijikaratasi alikuwa ameandika Kiswahili cha ofisini. Alikusudia mita iwekwe pamoja na waya, yaani ikae katika njia yake. Wanafunzi, ambao siku chache nyuma walikuwa wamefundishwa maana ya kifizikia, wakalisoma neno kama walivyofundishwa. Walikuwa na haki kabisa, nao ndio waliolipia fyuzi.

Yafaa tueleze kwa nini kosa hilo ni la hatari. Mita iliyowekwa kupima mkondo, yaani ammita, imekusudiwa kukaa katika njia ambayo mkondo unapita, kwa hiyo hutengenezwa iwe na ukinzani mdogo mno ili isiuzuie. Voltimita ni kinyume chake: hugusishwa katika sehemu mbili ambazo tofauti ya msukumo inatafutwa, na ukinzani wake ni mkubwa sana, aghalabu omu milioni 1 au milioni 10 katika mita za tarakimu, ili isijichotee mkondo. Ukiifunga ammita kati ya ncha chanya na ncha hasi ya betri ni sawa na kuzifunga ncha hizo kwa kipande cha waya. Betri ya risasi na asidi, ya gari au ya sola, ikipigwa shoti namna hiyo yaweza kutoa mamia ya ampea kwa muda mfupi. Wanafunzi wa Mugeta waliokolewa na fyuzi. Mita nyingi za bei nafuu hazina fyuzi kabisa katika tundu la ampea 10, na jambo hilo huandikwa kando ya tundu lenyewe kwa herufi ndogo za Kiingereza, ambazo msomaji wa Kiswahili hana sababu ya kuzijali.

Kwa hiyo pendekezo letu kwa wafasiri ni kwamba, katika maandishi yoyote ya umeme, “sambamba na” isitumiwe kamwe kwa maana ya “pamoja na”. Andika “pamoja na”. Tena, penye hatari, istilahi isiachwe peke yake: “unganisha mfululizo, yaani kata njia ya waya, uiweke mita katikati ya ncha mbili zilizokatwa”. Sentensi huwa ndefu, lakini fyuzi hubaki nzima.

Tufike katika “kidogo”, neno ambalo ndilo lililotuchukulia muda. Kwanza yatupasa kusema lolote juu ya jina la kifaa chenyewe. Madukani ni “rizista”, na mwalimu akienda kununua hana budi kusema hivyo. Katika vitabu kuna wanaoandika “kikinza”, kutokana na kitenzi “kinza”, na wapo wanaoandika “kizuizi”. Tunakipendelea kikinza, kwa sababu kinakaa katika ukoo mmoja na “ukinzani”, na mwanafunzi akilijua moja amelijua la pili. Kizuizi hatukipendi. Kizuizi cha barabarani husimamisha basi. Kikinza hakisimamishi mkondo, huupunguza tu, na huo uliopungua hupita wote. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba kifaa hiki ni kizuizi atashangaa kuona taa iliyo mbele yake ikiwaka.

Je, kikinza kidogo ni kipi? Katika kifaa hiki kuna ukubwa wa namna tatu, nao haufuatani. Kuna umbo lake, ambalo jicho huliona. Kuna ukinzani wake, kwa omu. Na kuna kiasi cha wati ambacho kinaweza kukigeuza kuwa joto bila ya kuungua. Kinachotakiwa kwa kupimia mkondo ni kile chenye ukinzani mdogo sana na uwezo mkubwa wa kuhimili joto, na hicho aghalabu huwa na umbo kubwa! Aliyeandika “kikinza kidogo” alikuwa na omu kichwani. Wanafunzi wakaleta kilicho kidogo kwa macho. Na Kiswahili chetu kilizidi kuwapotosha, maana kiambishi ki- hupatana vizuri mno na udogo.

Hesabu yenyewe ni hii. Paneli ya wati 50 hufanya kazi yake vizuri penye volti kama 18, kwa hiyo mkondo wake katika jua kali ni ampea 2.8 hivi. Wati zinazogeuka joto katika kikinza hupatikana kwa kuuzidisha mkondo kwa mkondo, kisha kwa omu: 2.8 mara 2.8 mara 1 ni wati 7.84. Kikinza cha wale watoto kilikuwa cha robo wati. Kilibebeshwa mzigo zaidi ya mara 30 ya kinavyoweza. Lau wangetumia omu 0.1, joto lingekuwa wati 0.78 na volti zinazopotea njiani 0.28, si vibaya, lakini mita ya tarakimu ya kawaida, ambayo kipimo chake cha chini kabisa huishia milivolti 200, ingefurika na kukataa kusoma. Kwa omu 0.01, joto ni wati 0.08, volti zinazopotea ni 0.028, na mita husoma milivolti 28.0. Gawanya kwa 10, nawe umepata ampea 2.8. Tulimshauri mwalimu achukue omu 0.01 chenye kuhimili wati 2 au zaidi, kwa sababu siku moja klabu itaongeza paneli ya pili.

Uwezo huo wa kuhimili unahitaji jina. Wauzaji husema “rizista ya wati mbili” na imetosha dukani. Katika maandishi, wapo waandikao “nguvu ya kikinza”, nasi tunaliona hili kuwa ni kosa, kwani kikinza hakina nguvu yoyote ya kutoa, kinapokea. Tena “umeme wenye nguvu” kwa watu wengi ni ule wenye volti nyingi, kwa hiyo neno limekwisha kubeba mzigo mwingine. Tunapendekeza “uhimilivu”: kikinza chenye ukinzani wa omu 0.01 na uhimilivu wa wati 2. Watumishi wa Hazina watatabasamu, kwa kuwa wao wanaujua uhimilivu wa deni la taifa. Hatuoni tatizo. Huko nako maana ni ile ile, kiasi gani cha mzigo kinabebeka kabla ya mambo kuharibika.

Kuna kifaa kinachouzwa tayari kwa kazi hii, cha shaba au cha aloi, chenye skrubu nne, mbili kubwa na mbili ndogo, nacho huandikwa kwa mfano ampea 50, milivolti 75. Maana yake ni kwamba mkondo wa ampea 50 ukipita, kati ya skrubu mbili ndogo kutakuwa na milivolti 75. Yaani ukinzani wake ni omu 0.0015. Mafundi hukiita “shunti”. Tulijaribu kukitafutia jina la Kiswahili, na mjadala ule mezani petu haukukosa kicheko. Kwa kuwa kilibuniwa kuuchepusha mkondo usipite katika mita, jina la asili lingekuwa “mchepuko”. Lakini mchepuko katika Kiswahili cha leo ni mtu, na kila msomaji anajua ni mtu wa namna gani. “Mchepuo” nao umekwisha kuchukuliwa na shule: mchepuo wa sayansi, mchepuo wa biashara. Mwenzetu mmoja akaleta “kikinza cha kando”.

Hili la kando lilitufanya tuchukue kalamu, maana maneno hufichua mambo. Tuseme tuna galvanomita ya sindano, ambayo sindano yake hufika mwisho kwa miliampea 1, na koili yake ina ukinzani wa omu 50. Tunataka isome mpaka ampea 10. Koili hupata milivolti 50 inapofika mwisho. Basi kikinza kilichounganishwa nayo sambamba lazima kipitishe ampea 9.999 kwa milivolti hizo hizo 50, yaani kiwe na omu 0.005 hivi. Kati ya sehemu 10,000 za mkondo, 9,999 zinapita katika kikinza kinachoitwa cha kando, na sehemu moja tu katika mita. Aliye kando ni mita! Jina lile lingemfundisha mwanafunzi uongo kuhusu njia kuu ya mkondo, na uongo huo ndio unaowafanya watu watumie waya nyembamba mahali panapotakiwa waya nene. Tukaamua jina lifuate kazi: “kikinza cha kupimia”. “Shunti” ibaki kuwa jina la biashara la kile chenye skrubu nne, nalo liandikwe bila ya haya.

Na hizo skrubu nne zina sababu. Waya ya shaba yenye unene wa milimita mraba 1.5, urefu wa mita moja, ina ukinzani wa omu 0.0115 hivi. Hiyo ni zaidi ya kikinza chetu kizima cha omu 0.01. Mwanafunzi akizigusisha nyaya za mita mbali kidogo na kikinza, urefu wa hatua moja ya waya ukiwa ndani, atasoma zaidi ya mara mbili ya ukweli, na atadhani kwamba paneli yake ni ya muujiza. Nyaya za mita zishikishwe kwenye ncha za kikinza chenyewe. Sisi wenye shahada za lugha tulijaribu haya yote mezani kabla ya kuyaandika, na kosa hili tulilifanya. La pili tulilolifanya tunaona haya kulisema: baada ya kupima ampea, tuliisahau waya nyekundu katika tundu la ampea, tukaigusisha betri kutafuta volti. Fyuzi yetu ikaifuata ya Mugeta.

Neno moja juu ya “mili”. Miliampea ni sehemu ya elfu ya ampea. Tumeona karatasi iliyoandika “elfu moja ya ampea”, na nyingine “ampea elfu moja”, kwa kitu kimoja. Tofauti ya hizo mbili ni mara milioni. Ziandikwe miliampea na milivolti basi, na nukta ya desimali isiachwe bila ya sifuri mbele yake: 0.01, si .01, maana nukta ya mashine ya kunakilia hupotea kwa urahisi.

Mwalimu aliuliza pia kama anunue mita ya kubana, ile yenye taya zinazokumbatia waya bila ya kuikata. Nyingi za bei nafuu hupima mkondo geu peke yake, ule wa nyumbani unaobadili upande mara 100 katika sekunde. Mkondo mnyoofu wa betri na paneli hauzichezeshi kabisa. Muuzaji akisema “inapima ampea”, aulizwe za mkondo upi. Zipo zenye kupima mikondo yote miwili, na hizo hutumia jambo alilolivumbua Edwin Hall wa Marekani mwaka 1879: mkondo ukipita penye sumaku, volti ndogo hutokea upande kwa upande. Jambo hilo hilo limo katika vibapa vidogo vinavyouzwa kwa wapenda vifaa vya elektroniki. Aina moja inayopatikana sana huja kwa ampea 5, 20 na 30. Ile ya ampea 20, ikilishwa volti 5, hutoa volti 2.5 pasipo na mkondo, na huongeza volti 0.1 kwa kila ampea. Ni kifaa kizuri kwa wenye kompyuta ndogo ya kusoma volti hizo, ila kisikae karibu na spika ya redio, kwa sababu ya sumaku yake. Kwa klabu ya Mugeta tuliona kikinza kinatosha.

Kibapa hicho tumekiita “kihisi mkondo”. “Sensa” haikufaa, kwa kuwa nchi nzima inaijua sensa kuwa ni kuhesabiwa watu, mara ya mwisho mwaka 2022. “Kihisishi” nacho ni aina ya neno katika sarufi, na hatukutaka mwalimu wa Kiswahili na wa fizikia wagombane katika chumba kimoja cha walimu.

Huenda msomaji akauliza kwa nini tuhangaike, ilhali fizikia ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza. Tume ya Rais ya Elimu ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kichukue nafasi hiyo, na pendekezo halikutekelezwa. Lakini wale wanafunzi hawakuunguza kikinza wakati wa mtihani. Walikiunguza baada ya masomo, wakisoma karatasi ya Kiswahili na kusemezana kwa Kiswahili, kama watakavyosemezana watakapokuwa mafundi wa sola vijijini kwao.

Sentensi ya kijikaratasi tuliyomrudishia mwalimu ni hii: “Chukua kikinza cha kupimia chenye ukinzani wa omu 0.01 na uhimilivu wa wati 2 au zaidi. Kata waya ya upande wa hasi kati ya paneli na betri, ukiunganishe kikinza mfululizo katikati ya ncha mbili zilizokatwa. Weka mita katika kipimo cha milivolti 200 za mkondo mnyoofu, waya nyekundu ikiwa katika tundu la volti, kisha gusisha nyaya za mita kwenye ncha mbili za kikinza chenyewe. Gawanya usomacho kwa 10. Hizo ni ampea.” Fyuzi ya betri, iliyo upande wa chanya karibu na betri, iachwe mahali pake.

Majibu yalikuja baada ya majuma matatu. Saa sita mchana, mbingu ikiwa nyeupe, mita yao ilisoma 26.4. Mwalimu anaongeza kwamba mwanafunzi mmoja ameuliza zile volti chache zinazopotea katika kikinza zinaitwaje. “Upungufu wa volti” ndio tuliomwandikia kwa sasa, lakini hautupendezi, kwa kuwa waweza pia kuwa upungufu wa betri iliyochoka. Wasomaji wenye neno bora zaidi watuletee kabla ya toleo lijalo.